Namba Witiri za Uwesu

Wakazi wa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, walikuwa wamezoea kumwona Uwesu akienda kazini huku sweta la sufu limebanwa kwapani, jua likiwaka kiasi cha kuyeyusha lami. Mgeni akiuliza, aliambiwa kwamba yule bwana anafanya kazi kwenye baridi. Akiuliza baridi hiyo iko wapi, alionyeshwa kwa kidole upande wa Mchafukoge, mwendo wa kumaliza kutafuna kipande cha muwa. Mgeni aliondoka akiamini ametaniwa.

Lakini ilikuwa kweli. Kule Mchafukoge palikuwa na shirika la ugawaji wa bidhaa, na kwenye ghorofa yake ya pili palikuwa na chumba kilichopulizwa hewa baridi mchana na usiku. Ndani ya chumba hicho ilikaa kompyuta. Zilikuwa enzi ambazo mkurugenzi mwenyewe alijipepea kwa gazeti, maana feni yake ilisubiri kipuri, lakini kompyuta haikukosa ubaridi hata siku moja, kwa kuwa wazungu walioileta walisema ikipata joto itaanza kusahau. Basi wanadamu walioihudumia wakavaa masweta.

Kazi ya mashine hiyo ilikuwa kupanga mgawo: mkoa huu upelekewe katoni kadhaa za sabuni, ule sukari, mwingine khanga. Vitu vyenyewe vilikuwa vichache, lakini mgawo wake ulichapwa vizuri mno.

Uwesu alizaliwa Kilwa Kivinje, akaja Dar kusoma, akaajiriwa kutoboa kadi za kompyuta. Wakubwa walipomwona ni mwepesi wa hesabu wakampeleka Uingereza kujifunza kuandika programu. Alirudi na mambo mawili: lile sweta, na imani kwamba katika nchi nzima hapakuwa na mtu aliyeielewa mashine ile kama yeye. Imani hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake. Shida ni kwamba Uwesu aliutunza ukweli huo kama watu wa Kilwa wanavyotunza ngalawa, kwa kuupaka mafuta kila mara.

Mkuu wa idara alikuwa Anselmi, mtu wa Kilimanjaro, msomi wa uchumi. Alikuwa muungwana wa kukiri kwamba hajui kompyuta, na alikiri hivyo mbele ya kila mtu isipokuwa wakubwa wake. Uwesu alipenda kufanya kazi chini yake. Bosi asiyejua kitu huamini, na anayeaminiwa hunenepa.

Kisha mashine ikaanza kujaa. Ilikuja kabla serikali haijapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na baada ya marufuku ile haikuwezekana kununua nyingine wala kuiongezea kumbukumbu. Huku nje watu wakahamishiwa vijijini, vijiji vikaongezeka, kila wilaya ikataka nafasi yake kwenye mgawo. Anselmi akamwita Uwesu ofisini.

"Ndugu Uwesu, wilaya mpya zinakataliwa na mashine. Nimwambie nini mkurugenzi?"

"Mwambie angoje kwanza," akasema Uwesu.

Akajifungia na vitabu vya mashine. Katika kompyuta ile ipo programu inayozitawala nyingine zote. Wenyewe waliiita msimamizi. Msimamizi ana jedwali lake la visanduku, na katika kila kisanduku imeandikwa anwani, yaani namba ya chumba cha kumbukumbu ambamo kitu kinachotafutwa kimewekwa. Msimamizi akitaka kujua printa ina kazi ngapi zinazosubiri, hakuti jibu pale pale. Anakuta anwani, anaifuata mpaka kwenye chumba chake, na huko ndiko anakokuta jibu, pengine tatu. Chumba kizima kimechukuliwa na tatu.

Uwesu aliitazama orodha ya anwani hizo mpaka macho yakamwasha. Ndipo alipogundua kitu. Mashine iligawa vyumba viwili viwili, kwa hiyo kila anwani ilikuwa namba shufwa. Namba witiri haikuwahi kutokea hata mara moja. Katika kila kisanduku, ile biti ya mwisho kabisa, yaani tarakimu ya sifuri au moja inayotenganisha witiri na shufwa, ilikuwa imekaa tu ikisema sifuri tangu mashine ilipoondoka kiwandani.

Akaipa kazi. Aliandika upya sehemu za msimamizi ili kisanduku kibebe kimojawapo kati ya vitu viwili. Namba ikiwa shufwa, hiyo ni anwani, ifuate. Ikiwa witiri, usiende popote, jibu lenyewe liko mkononi: toa moja, gawa kwa mbili, umelipata. Tatu ikawa saba, ikakaa ndani ya kisanduku, na chumba chake kikapewa wilaya. Vyumba vikaachwa wazi kwa mamia. Wilaya zote zikaingia, na nafasi ikabaki.

Shirika likaitisha mkutano wa wafanyakazi. Katibu wa tawi la chama pale kazini, Bwana Tarsis, alikuwa ameelezwa jambo lile na Anselmi, ambaye alikuwa ameelezwa na Uwesu, na kila lilipopita lilipungua kidogo.

"Ndugu zangu," Tarsis akasema, "ndani ya mashine yetu mlikuwa na biti inazurura. Haina kazi. Inakula umeme wa taifa. Ndugu Uwesu ameikamata, ameipa kazi. Tukipata watu kama hawa, mjini hatabaki mzururaji."

Watu wakapiga makofi. Uwesu alisimama, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu aliojifunza kwa kuwatazama wakubwa.

Baada ya mkutano alifuatwa na Mektilda. Huyu alikuwa binti aliyehitimu chuo kikuu hapo hapo mjini, ameingia idarani si muda mrefu, mpole wa sauti na mkaidi wa maswali.

"Kaka Uwesu, hongera. Ni biti ipi?"

"Ipi kitu gani?"

"Uliyoipa kazi."

"Ah, mdogo wangu, hayo ni mambo ya ndani ya msimamizi. Ukikomaa utayaona mwenyewe."

"Umeyaandika mahali, tuyasome?"

Uwesu akagonga paji la uso wake kwa kidole, akacheka. Mektilda hakucheka.

Uwesu hakuandika mahali popote, wala haikuwa kwa kusahau. Vitabu vya wazungu vilisema kila kisanduku kina anwani, na vikaachwa viseme hivyo. Mtu mwenye ufunguo pekee, aliwaza Uwesu, hafukuzwi nyumbani.

Miaka ikaenda. Sabuni ikazidi kuadimika. Ikafika miaka ya themanini, na serikali ikaanzisha msako wa watu wasio na kazi mjini. Mgambo walipita mitaani, na asiyeweza kuonyesha kwamba ana kazi alipandishwa lori kupelekwa mashambani akalime. Uwesu aliuunga mkono msako huo. Alimwambia Shaibu, fundi cherehani wa barazani kwao, kwamba mji umejaa watu wanaoegemea kuta.

Asubuhi moja ya mwezi wa Novemba alikuwa amesimama kwenye foleni ya sabuni, karibu na soko. Mgawo wa sabuni hiyo ulikuwa umepangwa na mashine yake mwenyewe, naye alijua kabisa kwamba haitawatosha hata nusu ya waliosimama, lakini alipanga foleni kama wengine, kwani mkewe Sabaha alikuwa Kilwa kwenye msiba pamoja na mtoto wao, na nguo za nyumbani zilikuwa zimemshinda. Alikuwa ametoka zamu ya usiku. Macho mekundu, ndevu hazijanyolewa, mgongo ameuegemeza ukutani.

Mgambo wawili wakasimama mbele yake.

"Habari za asubuhi, ndugu. Unafanya kazi wapi?"

"Mchafukoge. Shirika la ugawaji."

"Mbona saa hizi uko hapa?"

"Nimetoka zamu."

"Kitambulisho?"

Uwesu akapapasa mfuko wa shati. Kitambulisho kilikuwa kwenye shati jingine, lililokuwa likisubiri sabuni.

"Kazi gani unafanya huko?" akauliza yule mwenye umri mkubwa.

"Naandika programu."

"Za redio?"

"Za kompyuta. Naiandikia mashine maagizo."

"Unaiandikia mashine."

"Ndiyo."

"Na yenyewe inasoma?"

"Inasoma vizuri sana."

Mgambo wakatazamana. Kijana akalichungulia kapu la Uwesu, akalivuta sweta la sufu, zito, lenye shingo ndefu, akalinyanyua juu watu wakaliona. Siku hiyo hata paka wa sokoni walikuwa wamelala kivulini ndimi nje.

"Na hili?"

"Langu. La kazini. Kule kuna baridi."

"Kule wapi?"

"Mchafukoge," Uwesu akasema, na wakati anasema akajisikia mwenyewe jinsi jibu lile lilivyokuwa.

Hawakumpiga wala kumtukana. Walimshika mkono taratibu, kama anavyoshikwa mgonjwa, wakampandisha kwenye lori. Shaibu alimwona kutoka barazani, akaacha cherehani akapiga kelele kwamba huyo ana kazi. Mgambo wakamuuliza ni kazi gani. Shaibu, ambaye kwa miaka yote alielezwa kazi hiyo na hakuielewa hata siku moja, akasimama na mkasi mkononi asijue la kusema.

Waliokamatwa walipelekwa kwenye shamba la mpunga na mihogo, ng'ambo ya mto, mahali ambapo mvua za vuli zilikuwa zimeshageuza njia kuwa uji. Msimamizi wa shamba alikuwa Vitalis, mtu wa Songea, mrefu, mwenye sauti ya uchovu. Alimpa kila mmoja mahali pa kulala na zamu ya kulima.

"Mzee," Uwesu akamwambia, "usijisumbue kuniandika. Gari la shirika litanifuata wiki hii hii."

"Wote husema hivyo," akajibu Vitalis, akamwandika.

Lakini Uwesu hakuwa akijifariji bure. Alikuwa na sababu, na ndiyo iliyompa usingizi kwenye jamvi lile. Shirika jingine lilikuwa limevunjwa, na printa yake wamepewa wao. Jumatatu fundi angekuja kuiunganisha, na Mektilda ndiye angeiingiza kwenye jedwali la msimamizi. Angefuata vitabu. Vitabu vingemwambia kila kisanduku kina anwani. Programu yake ingefungua kisanduku cha kwanza, ingekuta saba, ingeondoka kukitafuta chumba namba saba, na mashine ingesimama kama punda aliyegoma. Hapo wangelia wanamtaka Uwesu. Aliliona jambo lote kichwani: Anselmi anatoka jasho ndani ya baridi, mkurugenzi anapiga simu, Land Rover inawashwa. Alijua si vizuri kufurahia, akafurahia.

Jumatatu ikapita. Jumanne gari liliingia, Uwesu akaacha jembe akanawa miguu. Lilikuwa limeleta chumvi.

Wiki ikaisha, ikaja nyingine. Viganja vilitoka malengelenge, yakapasuka, yakaota sugu. Kilichomuudhi kuliko kulima ni stoo. Kila asubuhi watu walisukumana mlangoni wakitafuta majembe, mapanga na ndoo. Hakuna aliyejua kipi kimerudi na kipi kimeachwa shambani, na jua lilikuwa limeshapanda ndipo wa kwanza anaanza kulima. Vitalis aligombeza mpaka sauti ikakauka. Uwesu alivumilia kadiri alivyoweza kuvumilia kuona kitu kimepangwa vibaya, yaani siku chache.

Akaomba misumari na mabaki ya bati. Akagongelea misumari ukutani, kila kifaa msumari wake, akakata vipande vya bati akakwaruza juu yake alama za sehemu za shamba: bondeni, mtoni, mihogoni, jikoni. Kwenye kila msumari akatundika ama kifaa chenyewe, ama bati linaloonyesha kifaa kiliko. Akarudi kulala, akiwa ameridhika, bila kumwambia mtu.

Asubuhi yake mambo yakawa mabaya kuliko jana. Waliokuta majembe walichukua majembe. Waliokuta mabati walichukua mabati, wakaenda kukwangulia matope kwenye miguu, na mmoja akakwangulia samaki. Kufika mchana hapakuwa na mtu aliyejua kifaa chochote kiliko, kwa kuwa hata dalili zake zilikuwa zimepotea.

Vitalis akamwita. "Hii misumari ni yako?"

"Ni yangu."

"Uliwaambia inavyotumika?"

Uwesu akafungua mdomo aseme kwamba mwenye akili angeelewa mwenyewe, akautazama ukuta uliokuwa mtupu, akatikisa kichwa.

Jioni watu wote wakakusanywa chini ya bati la stoo, mvua ikinyesha, naye akasimama mbele yao. Hakuwahi kueleza jambo kwa nia ya kueleweka. Alianza vibaya, akizungumzia nafasi na uwakilishi, na mtu mmoja akapiga miayo. Akaanza upya.

"Sikilizeni. Msumari hauachwi mtupu. Ukikuta jembe, hilo ni jembe, chukua, na pale tundika bati la unakokwenda. Ukikuta bati, usilichukue. Bati si jembe. Bati linakwambia jembe liko wapi. Lifuate."

Alikuwapo mtu mzima aliyeitwa Eliasi, aliyekamatwa Feri akisubiri mnada wa samaki.

"Na mimi nikikosea," Eliasi akauliza, "nikalichukua bati nikaenda kulimia?"

Watu wakacheka. Uwesu naye akacheka, halafu kicheko kikamkatika katikati, kwani kichwani alikuwa amemwona Mektilda akifanya hivyo hivyo, na aliyempa bati bila kumwambia ni bati alikuwa yeye.

"Ukifanya hivyo," akasema, "hulimi kitu, na lawama ni ya aliyetundika."

Wakarudia zoezi mara kadhaa, mmoja mmoja, mpaka aliyepiga miayo akaweza kumfundisha aliyechelewa. Tangu hapo kazi ilianza mapema. Vitalis hakumsifu, ila alimpa zamu ya kivulini.

Ilikuwa tayari mwezi wa Desemba lilipokuja lori la kubeba mihogo, na kutoka mbele wakashuka wanawake wawili. Mmoja alikuwa Sabaha, khanga imechafuka matope mpaka magotini. Wa pili alikuwa Mektilda, viatu mkononi.

Uwesu aliwasalimu, akamshika mkewe mikono, akamuulizia mtoto. Sabaha alimtazama viganja, akavigeuza. Halafu Uwesu akamgeukia Mektilda, na ingawa alijizuia, swali likamtoka.

"Mashine imesimama?"

"Ilisimama Jumatatu ile ya printa, asubuhi," akasema Mektilda. "Mchana ikaendelea."

"Mchana?"

"Mchana wa siku ile ile. Nilichapa kumbukumbu yote ya msimamizi kwenye karatasi nikaisoma. Nikaona saba, tisa, ishirini na tano, mahali panapotakiwa anwani. Nikajiuliza, tangu lini anwani zetu zikawa witiri? Nikaenda kula. Niliporudi nilikuwa nimeelewa."

Miaka yote Uwesu aliulinda ufunguo ule, na mlango ulikuwa umefunguliwa kati ya chai na chakula cha mchana.

"Ni kazi nzuri, Kaka Uwesu," Mektilda akaongeza, na alisema kweli. "Mimi nisingeifikiria. Kuielewa ni rahisi, kuifikiria ndiko kugumu. Ila ungeniambia."

"Basi kama mashine inakwenda," Uwesu akauliza polepole, "mmekuja kufanya nini?"

Sabaha ndiye aliyejibu. "Kukuchukua. Ulidhani nini?"

Akaeleza. Alirudi kutoka Kilwa akakuta nyumba imefungwa na Shaibu analia barazani. Akaona shati chafu, akatoa kitambulisho mfukoni, akaenda shirika. Pale akaambiwa Ndugu Anselmi analishughulikia suala hilo. Na alikuwa akilishughulikia kweli, kwa bidii. Aliandika kwa ofisi moja, ikamjibu kwamba suala hilo liko ofisi nyingine. Hiyo nayo ikamtaja mhusika wa wilaya, na mhusika wa wilaya akamrudisha kwa ile ya kwanza. Sabaha alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akaenda kwa Siwema anayeuza maandazi Mtaa wa Sikukuu, ambaye kaka yake huendesha lori. Siwema alijua shamba ni lipi hata kabla maandazi hayajaiva. Mektilda, aliyekuwa amesikia mazungumzo yote kwa Anselmi, aliomba ruhusa ya siku moja akafuatana naye, ili pawe na mtu wa kazini wa kuthibitisha.

Wakaenda kwa Vitalis. Alikishika kitambulisho, akaisogeza picha karibu na macho.

"Mbona hapa umevaa sweta?"

"Kazini kwetu kuna baridi," Uwesu akasema.

"Ni kweli, mzee," Mektilda akadakia. "Baridi kali."

Vitalis alimtazama binti yule mwenye matope miguuni na kalamu mbili mfukoni, akashusha pumzi, akachukua mhuri. Kabla hajaugonga akasita.

"Na misumari ataiangalia nani?"

"Yeyote," Uwesu akasema. "Wote wanaijua."

Alitegemea neno hilo limuume, kama lilivyomuuma la Mektilda. Liliuma kidogo tu. Nje, Eliasi alikuwa akimkaripia mgeni aliyetaka kuondoka na bati.

Kurudi kazini hakukuwa rahisi kama kupanda lori. Barua ya mwisho ya Anselmi ilifika shambani siku chache baada ya Uwesu kuondoka, na Vitalis, mtu mkweli, akajibu kwamba mtu wa jina hilo hayupo hapa. Jibu likapokelewa, likapigwa mhuri, likawekwa kwenye jalada. Kwa mujibu wa jalada Uwesu hakuwa amepatikana. Alikaa mezani kwake, hatua chache kutoka mlango wa Anselmi, akamsalimia bosi wake kila asubuhi, na kila asubuhi Anselmi akamjibu kwa huzuni kwamba suala lake bado halijakamilika. Ilibidi Tarsis aliinue kwenye kikao cha tawi, akatamka kwamba yeye kwa macho yake anamwona Ndugu Uwesu, na wajumbe wakaunga mkono.

Wakati huo huo Mektilda alipewa usimamizi wa programu zote. Tarsis alimweleza Uwesu habari hiyo kwa uangalifu, akitarajia kelele. Uwesu alisema ni sawa. Usiku alimwambia Sabaha kwamba si sawa hata kidogo, na Sabaha akamuuliza, kama binti yule angemwacha kwenye matope mpaka leo, je, angefurahi zaidi? Uwesu akageukia ukutani, akalala.

Siku ya kwanza ya madaraka yake, Mektilda alivuta kiti mpaka kwenye meza ya Uwesu, akakaa, sweta lake limefungwa vifungo mpaka shingoni.

"Kaka Uwesu, shikamoo."

"Marahaba."

"Nataka unieleze msimamizi. Mzima, kuanzia mwanzo. Mimi nitaandika, wewe sema."

Alijibu kwa mkato mwanzoni, kama mtu anayehojiwa na mgambo. Mektilda akauliza kwa nini aliamua witiri iwe jibu na shufwa iwe anwani, asifanye kinyume. Hakuna aliyewahi kumuuliza hilo. Uwesu akakaa sawa. Akaeleza kwamba anwani zilikuwa nyingi na zilishakuwa shufwa, kwa hiyo ukiziacha zilivyo huna la kubadili. Lakini mwanzoni, akasema, alijaribu kinyume, akapoteza wiki nzima. Akaieleza wiki hiyo. Kutoka hapo akaingia kwenye suala la jibu likiwa kubwa mno lisiweze kukaa kisandukuni, na jinsi linavyopewa chumba chake na kisanduku kikarudi kuwa anwani, na hatari iliyopo pale kati. Akachora. Akafuta, akachora tena vizuri zaidi.

Chai ililetwa ikapoa. Wafanyakazi wengine walifunga meza zao wakaaga. Mektilda alikuwa ameshapata yote aliyoyataka na mengine ambayo hakuyataka; akafunika kalamu, akatazama saa ya ukutani, akakusanya mkoba. Uwesu alisimama naye, akaendelea kusema. Walishuka ngazi anasema. Wakapita madukani Mchafukoge anasema, akichora hewani kwa kidole, watu wakiwapisha, mpaka kituo cha basi cha Mnazi Mmoja, ambako Mektilda alipanda basi lisiloelekea kwao, ilimradi aondoke.